Milipuko ya miale ya gama, nishati kubwa na nyutrino: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za milipuko hii huandikwa kwa kutaja ukubwa wake: mkali kuliko yote, wa mbali kuliko yote. Ukubwa huo ni wa kweli na umeelezwa hapa. Lakini ukurasa huu unakaa zaidi kwenye swali ambalo hadi leo linawanyima watafiti usingizi: ndani ya milipuko hiyo ni chembe zipi zinazosukumwa hadi kukaribia kasi ya nuru? Ni elektroni peke yake, au na protoni pia? Miale ya gama yenye nishati kubwa inajibu nusu ya swali. Nusu ya pili iko kwa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji ambazo hupenya karibu kila kitu.

Mlipuko wa miale ya gama ni nini?

Ni mmweko wa ghafla wa miale ya gama unaotoka nje kabisa ya galaksi yetu, na hudumu kuanzia sehemu ndogo ya sekunde hadi dakika kadhaa. Setilaiti ya Fermi peke yake hunasa milipuko ipatayo 240 kwa mwaka, na kwa kuwa haioni anga lote kwa wakati mmoja, inayotufikia ni mingi zaidi ya hiyo.

Miale ya gama ni nuru kama nuru nyingine, ila kila fotoni yake imebeba nishati nyingi. Fotoni ya mwanga tunaouona kwa macho ina elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) mbili au tatu. Fotoni nyingi za mlipuko zina laki kadhaa. Watafiti wanapozungumzia nishati kubwa wanamaanisha fotoni za mamilioni mengi hadi mabilioni ya elektronivolti, na wanapoongeza neno "sana" wanamaanisha zile za kuanzia bilioni 100 hivi hadi trilioni na kuendelea.

Majina kama GRB 190114C yanasomwaje?

Herufi GRB ni kifupisho cha jina la kimataifa la milipuko hii. Tarakimu sita ni tarehe: mwaka, mwezi, kisha siku. Kwa hiyo huu ulionekana tarehe 14 Januari 2019. Herufi ya mwisho inaonyesha mpangilio wa kuripotiwa siku hiyo. C ni wa tatu.

Iligunduliwa lini, na na nani?

Iligunduliwa na setilaiti za kijeshi za Marekani zilizoitwa Vela. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama kuna nchi inayovunja mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio ya mabomu ya nyuklia angani. Tarehe 2 Julai 1967 zilinasa mmweko ambao haukufanana na bomu. Mimweko mingine ikafuata, na wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walipolinganisha muda ambao kila setilaiti ilipokea mmweko, waliona kuwa haikutoka duniani wala kwenye Jua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973.

Halafu ikaja miaka mingi ya mabishano kuhusu umbali. Chombo cha BATSE, kilichorushwa mwaka 1991 ndani ya setilaiti ya Compton, kilirekodi milipuko 2,704 iliyotawanyika sawasawa pande zote za anga. Kama ingekuwa ya galaksi yetu, ingejipanga kufuata ule ukanda wa nyota tunaouona usiku. Jambo lilimalizwa mwaka 1997, pale setilaiti ya BeppoSAX ilipoonyesha mahali halisi pa mlipuko wa tarehe 28 Februari kwa kutumia eksirei, na darubini za kawaida zikaona pale mng'ao uliokuwa ukififia. Miezi michache baadaye mlipuko mwingine, GRB 970508, ulipimwa umbali wake: mabilioni ya miaka ya nuru.

Kinacholipuka ni nini?

Kuna makundi mawili makuu. Milipuko mirefu, inayozidi sekunde mbili, kwa kawaida hutokea nyota kubwa sana inapoishiwa nishati na kiini chake kuporomoka, na mara nyingi shimo jeusi huzaliwa hapo. Ushahidi ni kwamba baadhi yake imeonekana pamoja na supanova, yaani mlipuko wa nyota inayokufa. Wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa GRB 980425 na supanova ya SN 1998bw.

Milipuko mifupi hutokana na nyota mbili za nyutroni (mabaki madogo na mazito mno ya nyota zilizokufa) zinazozungukana hadi kugongana. Hilo lilithibitishwa tarehe 17 Agosti 2017: vyombo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya graviti ya mgongano, na sekunde 1.7 baadaye Fermi ikaona mlipuko mfupi wa miale ya gama. Chanzo kilikuwa kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130.

Mpaka wa sekunde mbili usichukuliwe kama sheria. GRB 211211A na GRB 230307A ilikuwa mirefu, na bado iliacha mng'ao wa aina inayotarajiwa nyota zinapogongana.

Inawezekanaje kitu kimoja kitoe nishati yote hiyo?

Kwa sababu haitoki pande zote. Injini iliyo katikati, kwa kawaida shimo jeusi jipya linalomeza mabaki ya nyota, husukuma mikondo miwili myembamba ya mata kuelekea pande mbili zinazopingana. Tunaona mlipuko pale tu mkondo mmojawapo unapoelekea kwetu. Ukikosea kwa kudhani nishati imesambaa pande zote, hesabu ya GRB 221009A inazidi mara elfu kadhaa nishati ambayo Jua litatoa katika maisha yake yote. Ukizingatia wembamba wa mkondo, inarudi kwenye kiwango ambacho kuporomoka kwa nyota kubwa kunaweza kukimudu.

Kasi ya mkondo nayo tunaijua, na njia ya kuijua inapendeza. Mwanga wa milipuko hupanda na kushuka ndani ya sehemu za elfu za sekunde, kwa hiyo chanzo lazima kiwe kidogo. Lakini fotoni nyingi hivyo zenye nishati kubwa zikibanwa mahali padogo, zingegongana zenyewe kwa zenyewe na kugeuka jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya). Hakuna mwale wa gama ambao ungetoka. Njia pekee ya kutoka kwenye mkwamo huu ni kwamba chanzo kinatujia kwa zaidi ya asilimia 99.99 ya kasi ya nuru. Katika kasi hiyo muda unaonekana kwetu umebanwa na nishati ya fotoni imeongezwa, na kule kwenye mkondo wenyewe hali si ya msongamano kama inavyoonekana kutoka hapa.

Miale ya gama ya nishati kubwa inaongeza nini ambacho ile ya kawaida haisemi?

Inaonyesha kinachoendelea baada ya mmweko wenyewe. Mkondo unapogonga gesi iliyouzunguka, hufanyika wimbi la mshtuko. Humo elektroni husukumwa hadi nishati kubwa mno, na zinapojizungusha kwenye uga wa sumaku hutoa mnururisho wa sinkrotroni. Huu ndio mng'ao wa baadaye, unaoenea kuanzia mawimbi ya redio hadi miale ya gama, na hudumu kwa siku au hata miezi.

Dalili ya mapema ilionekana tarehe 17 Februari 1994. Chombo cha EGRET kilipokea fotoni ya elektronivolti bilioni 18 zaidi ya saa moja baada ya mlipuko kuanza, wakati mmweko wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, ikaonyesha kuwa hiyo haikuwa bahati. Katika mlipuko baada ya mlipuko, fotoni za mabilioni ya elektronivolti huchelewa kidogo kuanza na huendelea muda mrefu kuliko zile za nishati ndogo. GRB 130427A ulituma fotoni ya elektronivolti bilioni 95.

Hapo ndipo tatizo lilipoibuka. Sinkrotroni ina ukomo. Elektroni inayozidi kusukumwa hupoteza nishati kwa haraka kuliko inavyoipata, na ukipiga hesabu ukijumlisha kasi ya mkondo, unaona kwamba fotoni za nishati hii, hasa zikija saa kadhaa baadaye wakati mkondo umeshapunguza kasi, haziwezi kuelezwa kwa urahisi kwa njia hiyo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba elektroni zilezile hugonga fotoni ambazo zenyewe zimezitoa na kuzipandisha nishati hadi mabilioni na matrilioni. Ili kuthibitisha, ilibidi kuona matrilioni hayo, na setilaiti ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Fotoni za kiwango hicho ni chache sana, zinahitaji chombo kipana kuliko chochote kinachoweza kurushwa kwa roketi.

Lakini angahewa huzuia miale ya gama. Darubini za ardhini zinaionaje?

Zinaona alama inayoachwa. Fotoni yenye nishati kubwa ikigonga angahewa huzaa elektroni na positroni, ambazo huzaa fotoni nyingine, ambazo huzaa chembe nyingine tena, mpaka inakuwa mvua ya chembe. Nyingi hukimbia kuliko nuru inavyokimbia ndani ya hewa, na hapo hutokea mwanga wa buluu uitwao mwanga wa Cherenkov, kama mashua inavyosukuma wimbi lenye pembe inapoyapita mawimbi yake yenyewe. Mwanga huo hudumu kwa sehemu za bilioni za sekunde chache tu, lakini hutawanyika ardhini kwenye duara la mamia ya mita. Darubini yoyote iliyo ndani ya duara hilo inaweza kuuona.

Kuna njia mbili za kuunasa. Ya kwanza ni vioo vikubwa, kama MAGIC kwenye kisiwa cha La Palma, yenye vioo viwili vya mita 17, na H.E.S.S. iliyoko Namibia, yenye darubini nne za mita 12 na moja ya mita 28. Hizi ni sahihi sana, ila huona kipande kidogo cha anga na huhitaji usiku wa giza. Ya pili ni kuziacha chembe zenyewe zifike ardhini na kuzinasa kwenye matangi ya maji na vigunduzi vilivyotandazwa juu ya milima, kama HAWC kule Mexico na LHAASO kule Sichuan, China, iliyo mita 4,410 juu ya usawa wa bahari. Hizi hutazama mchana na usiku, na huona eneo kubwa la anga. Kwa milipuko isiyotoa taarifa kabla ya kuja, nadhani njia ya pili imethibitisha thamani yake kuliko wengi walivyotarajia.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kuona milipuko kutoka ardhini?

Sababu ya kwanza ni mbio. Mlipuko unaonekana na setilaiti, onyo linashuka, darubini inageuka; muda wote huo mng'ao unafifia. MAGIC ilijengwa kwa fremu nyepesi ya nyuzi za kaboni makusudi ili iweze kugeuka kuelekea popote angani kwa chini ya nusu dakika.

Sababu ya pili ni njia yenyewe. Anga baina ya galaksi limejaa mwanga hafifu uliotolewa na nyota na vumbi tangu zamani, hasa wa infraredi. Fotoni ya trilioni za elektronivolti ikikutana na fotoni ya mwanga huo, zote mbili hutoweka na kuwa elektroni na positroni. Kadiri chanzo kilivyo mbali ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Milipuko mingi iko mbali mno.

Mafanikio yakaja yamefuatana. Tarehe 14 Januari 2019 MAGIC ilianza kuutazama GRB 190114C kama dakika moja baada ya onyo, na fotoni za hadi trilioni moja za elektronivolti zikaonekana, nyingi kiasi kwamba hapakuwa na shaka. Nuru hiyo ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 4. Katika mwaka huohuo timu ya H.E.S.S. ilitangaza kuwa ilikuwa imenasa GRB 180720B wa Julai 2018, na iliuona saa 10 baada ya mlipuko, jambo lililoonyesha kuwa mng'ao wa nishati kubwa unaweza kukawia sana. Kisha ukaja GRB 190829A, wa karibu kwa vipimo vya milipuko, umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni moja, ambao H.E.S.S. iliufuatilia kwa usiku tatu. Huo wa mwisho ulileta mjadala: mwanga wake wa matrilioni ulififia sambamba na eksirei, kana kwamba vyote vilitoka kwenye mchakato mmoja, tofauti na maelezo niliyoyatoa juu. Mjadala haujafungwa.

GRB 221009A ulikuwa na nini cha pekee?

Ulikuwa mkali kuliko wowote uliowahi kupimwa. Makadirio ni kwamba mlipuko unaotufikia kwa ukali huo hutokea mara moja katika miaka 10,000 hivi. Ulilemea vigunduzi vya setilaiti kadhaa. Setilaiti ya Swift, iliyoukuta umeshaanza, iliutangaza kwanza kama chanzo kipya cha ndani ya galaksi yetu, kwa sababu ulikuwa mkali mno na ulionekana karibu na ukanda wa nyota zetu. Kumbe nuru yake ilisafiri karibu miaka bilioni 2.

Usiku ule wa tarehe 9 Oktoba 2022 mwezi ulikuwa mpevu, na darubini za vioo zilishindwa kufanya kazi ipasavyo, H.E.S.S. ilibidi ingoje zaidi ya saa 50. LHAASO haikuhitaji giza, na mlipuko ulitokea ukiwa tayari ndani ya eneo inalolitazama. Ikanasa fotoni zaidi ya 64,000 zenye nishati ya kuanzia elektronivolti bilioni 200 hadi trilioni 7 katika sekunde 3,000 za kwanza. Fotoni za juu kabisa zilifika takriban trilioni 13.

Kwa mara ya kwanza mng'ao wa baadaye katika nishati hiyo ulionekana tangu unapozaliwa: ukipanda, ukifika kilele, ukishuka. Takriban dakika 11 baada ya kuanza, ulianza kushuka kwa kasi zaidi. Hiyo ndiyo ishara kwamba kingo za mkondo zimeanza kuonekana, na kutokana nayo upana wa mkondo ukakadiriwa: nyuzi 0.8 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Mkondo mwembamba hivyo ukielekea kwetu moja kwa moja, ukali wake unaeleweka.

Nyutrino zinaingiaje kwenye habari hii?

Kila nilichoeleza kuhusu miale ya gama kinaweza kutokana na elektroni. Hapo ndipo penye ugumu. Wimbi la mshtuko linalosukuma elektroni linapaswa kusukuma protoni pia, na mwaka 1995 watafiti kadhaa walipendekeza kuwa milipuko hii ndiyo chimbuko la miale ya kosmiki, yaani chembe zenye chaji zinazotufikia kutoka anga-nje, yenye nishati kubwa kuliko zote. Lakini protoni ina chaji, na uga wa sumaku huipotosha njiani. Ikifika duniani haielekezi tena ilikotoka. Fotoni hunyooka, ila haisemi ilizaliwa na elektroni au na protoni.

Protoni ya nishati kubwa ikigonga fotoni ndani ya mkondo, huzaa chembe ziitwazo pioni. Pioni isiyo na chaji huvunjika kuwa fotoni mbili za gama. Pioni yenye chaji huvunjika kuwa muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) na nyutrino, na muoni nayo huvunjika na kutoa nyutrino mbili zaidi. Kila nyutrino hubeba takriban asilimia 5 ya nishati ya protoni iliyoanzisha yote. Elektroni haziwezi kufanya hivyo kwa kiwango cha maana. Ukiona nyutrino ya matrilioni ya elektronivolti ikitoka kwenye mlipuko, basi umeshikilia ushahidi wa protoni mkononi.

Eli Waxman na John Bahcall walipiga hesabu mwaka 1997: ikiwa milipuko kweli inazalisha miale ya kosmiki, tutarajie nyutrino za elektronivolti trilioni 100 hivi zikifika wakati mmoja na mmweko. Utabiri ulikuwa wazi na ungeweza kukanushwa. Kilichokosekana ni chombo.

Nyutrino hunaswaje ikiwa hupenya kila kitu?

Kwa kuwa na kitu kikubwa sana na subira. IceCube, kwenye Ncha ya Kusini, imetumia kilomita moja ya ujazo ya barafu. Nyaya 86 zimeshushwa ndani yake zikiwa na vihisi mwanga 5,160, kwenye kina cha mita 1,450 hadi 2,450. Ujenzi ulikamilika Desemba 2010. Nyutrino moja moja ikigonga atomu ndani au karibu na barafu hiyo, huzaa chembe zenye chaji zinazotoa mwanga uleule wa Cherenkov.

Muoni huacha mstari mrefu, na mstari huelekeza ilikotoka nyutrino kwa usahihi wa chini ya nyuzi moja kwa matukio mazuri. Nyutrino za aina nyingine huacha mpira wa mwanga ambao mwelekeo wake ni wa kukisia zaidi. Kelele ni nyingi: muoni zinazozaliwa na miale ya kosmiki angahewani hupita kwa maelfu kila sekunde. Ndiyo maana IceCube hupendelea nyutrino zinazotoka chini, zilizoipenya dunia nzima kutoka kaskazini. Muoni haiwezi safari hiyo.

Katika bahari ya Mediterania kulikuwa na ANTARES, iliyofanya kazi hadi 2022, na sasa KM3NeT inajengwa karibu na Sicily na karibu na Toulon. Kwenye ziwa Baikal, Urusi, kuna chombo kingine cha aina hii.

Je, kuna nyutrino yoyote iliyokwisha kuonekana kutoka kwenye mlipuko wa miale ya gama?

Hapana. Hakuna hata moja iliyothibitishwa.

Jibu hilo linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu wengi hulisoma kama kushindwa kwa chombo. Utafutaji wa aina hii una nguvu ya pekee. Setilaiti inatuambia mlipuko umetokea wapi na sekunde gani, kwa hiyo unachunguza duara dogo la anga kwa sekunde au dakika chache. Ndani ya dirisha dogo hivyo kelele za angahewa ni karibu sifuri. Nyutrino moja au mbili zingetosha kuwa habari kubwa. Na unaweza kujumlisha milipuko mamia kwa pamoja.

Mwaka 2012 IceCube, ikiwa bado haijatumia vihisi vyake vyote, ilitangaza kuwa imechunguza milipuko ipatayo 300 na kwamba nyutrino, kama zipo, ni angalau mara 3.7 chini ya makadirio ya wakati huo. Wananadharia wakarudi kwenye hesabu na kukuta kuwa makadirio ya awali yalikuwa yamekithiri. Data zikaongezeka, milipuko ikapita 1,000, na jibu likabaki lilelile: mimweko ya kawaida ya milipuko hii inachangia chini ya takriban asilimia 1 ya nyutrino za nishati kubwa ambazo IceCube huziona kutoka anga-nje. Hata GRB 221009A, pamoja na ukali wake wote, haukuleta nyutrino.

Mimi nauona ukimya huu kuwa miongoni mwa vipimo bora tulivyonavyo kuhusu mikondo hii. Umeondoa mezani modeli iliyopendwa sana, ile ambamo mkondo umejaa protoni na mwanga unatoka karibu na injini. Zilizobaki ni chache na zina sura: huenda mkondo unakimbia kuliko tulivyodhani, au mwanga unatoka mbali zaidi na injini ambako fotoni zimetawanyika na protoni hazizigongi, au nishati imebebwa na uga wa sumaku badala ya protoni. Miale ya gama peke yake isingeweza kutenganisha hayo.

Basi nyutrino ambazo IceCube huziona zinatoka wapi?

IceCube ilitangaza nyutrino za anga-nje mwaka 2013. Tangu hapo vyanzo vichache vimejitokeza. Tarehe 22 Septemba 2017 nyutrino moja ya takriban elektronivolti trilioni 290 ilielekeza kwenye TXS 0506+056, galaksi yenye shimo jeusi linalotutumia mkondo, na wakati huohuo Fermi na MAGIC zikaiona inawaka. Mwaka 2022 galaksi ya NGC 1068 iliongezwa, na 2023 ukanda wa galaksi yetu wenyewe. Nyutrino nyingi bado hazijulikani zilikotoka.

Jambo la NGC 1068 lina somo kwa milipuko: inatoa nyutrino huku miale yake ya gama ya nishati kubwa ikiwa dhaifu sana, kwani inamezwa palepale. Kwa hiyo kuna watafiti wanaofikiria mikondo inayokwama ndani ya nyota bila kutoboa. Mkondo kama huo usingeonekana kama mlipuko, ila nyutrino zake zingetoka. Kuna pia milipuko dhaifu ya karibu, ya aina ya GRB 980425, ambayo setilaiti huikosa kirahisi. Ukomo wa asilimia 1 hauigusi kikamilifu.

Je, nyutrino zingefika kabla ya nuru?

Zinaweza. Katika supanova ya SN 1987A, nyutrino zilifika saa kadhaa kabla ya mwanga, kwa sababu mwanga ulingoja wimbi la mshtuko lifike kwenye uso wa nyota. Hizo zilikuwa za nishati ndogo, na kutoka karibu sana; kwenye mlipuko wa mabilioni ya miaka ya nuru hazionekani. Lakini wazo hilo linawafanya watafiti watafute nyutrino kuanzia siku kadhaa kabla ya mlipuko hadi siku kadhaa baadaye, si wakati wa mmweko tu. Dirisha likipanuka kelele huongezeka, na huo ndio ubaya wake.

Milipuko hii inaweza kupima sheria za fizikia zenyewe?

Ndiyo. Baadhi ya nadharia za graviti ya kwanta, zinazojaribu kuunganisha graviti na fizikia ya chembe ndogo, zinasema fotoni ya nishati kubwa ingesafiri kwa kasi tofauti kidogo na ya nishati ndogo. Tofauti ni ndogo mno, lakini safari ya mabilioni ya miaka ingeikuza. Katika GRB 090510, fotoni ya elektronivolti bilioni 31 ilifika chini ya sekunde moja baada ya mlipuko kuanza, baada ya safari ya zaidi ya miaka bilioni 7. Kipimo hicho kiliibana vikali ile nadharia yenye tofauti inayokua sawia na nishati, na data za LHAASO za 2022 zimeibana zaidi.

Kuna hatari yoyote kwetu?

Kwa umbali tunaoiona, hapana. GRB 221009A ulitikisa ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chaji, kwa muda mfupi kiasi cha kupimika, na basi. Mlipuko wa ndani ya galaksi yetu, ulioelekea kwetu hasa, ungeweza kuharibu ozoni. Huo ni nadra sana.

Ni vyombo gani vya kutazamia?

Cha kwanza kwangu ni CTAO, darubini za Cherenkov zinazojengwa La Palma na karibu na Paranal, Chile. Uwezo wake wa kuona fotoni za makumi ya mabilioni ya elektronivolti ni muhimu kuliko ule wa matrilioni, kwa sababu fotoni hizo hazimezwi sana njiani, na milipuko ya mbali itaweza kufikiwa. Kwa upande wa kutoa onyo, setilaiti za Einstein Probe na SVOM zilirushwa mwaka 2024.

Kwa nyutrino, KM3NeT imeshaonyesha uwezo kabla ya kukamilika: tarehe 13 Februari 2023 ilinasa tukio linaloashiria nyutrino ya takriban elektronivolti trilioni 220,000, kubwa kuliko yoyote iliyowahi kunaswa. Chanzo chake hakijapatikana. Mpango wa kuikuza IceCube unalenga kufikia kilomita za ujazo zipatazo 8.

Nikitaka kufuatilia au kuchambua data mwenyewe?

Maonyo hupita kwenye mtandao wa GCN wa NASA, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha bila malipo; taarifa za milipuko hufika ndani ya sekunde, na za nyutrino za IceCube zimekuwa za wazi tangu 2016. Data za Fermi huwekwa hadharani pamoja na programu za kuzichambua. Ukiwa mgeni, anza na GRB 130427A: fotoni zake za nishati kubwa ni nyingi, hivyo hata uchambuzi rahisi unaonyesha jinsi mng'ao unavyodumu baada ya mmweko. Kisha chukua orodha ya nyutrino za IceCube zilizochapishwa, ulinganishe tarehe na mielekeo na milipuko iliyo kwenye katalogi ya Fermi. Zingatia ukubwa wa kosa la mwelekeo la kila nyutrino kabla ya kudai kuwa umepata jozi.